Viatu vya Nguzo

Sokoni pale palikuwa na banda la nguzo ishirini na nne, na hapakuwa na hata moja iliyosimama kwa mguu wake wa kuzaliwa. Zote zilikuwa zimevishwa viatu. Nguzo ya chuma ikioza chini, fundi hukata bamba, akalikunja, akalizungushia ule mguu mbovu, akachomelea juu na chini, akapaka rangi, kisha akasogea nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Hicho ndicho kiatu. Ukipita haraka huoni kitu. Ukiinama, unaona nguzo zimenenepa vifundoni kama bibi aliyevimba miguu.

Na kwa nini zisioze? Upande mmoja wa banda waliuza samaki, upande wa pili mboga, na kila jioni maji ya chumvi na barafu iliyoyeyuka yalimwagwa hapo hapo sakafuni, yakaenda kujikusanya kwenye nguzo ya karibu. Uliza nani alikuwa akimwaga. Kila mmoja angekuapia kwamba si yeye, ni jirani.

Fundi wa viatu hivyo aliitwa Kiraka. Jina alibandikwa na wauza samaki mwaka wake wa kwanza pale, na likamganda kabisa, hata mkewe akiwa na hasira alilitumia. Banda hakulijenga yeye. Yeye aliitwa rangi ya kwanza ilipoanza kubanduka, na tangu siku ile hakutoka. Kukwangua kutu kwa brashi ya waya, kupaka rangi, kubadilisha mabati yaliyotoboka, kuvisha nguzo viatu: miaka ishirini na mitano, hana bosi, hana saa ya kuripoti, ana soko zima la kumsalimia. Watu waliomdharau alikuwa nao, nani hana? Lakini kwa viatu vyake alijipiga kifua. Kulehemu kwake kulikuwa kumenyooka, hakuna tone lililochuruzika, na mtu akisimama kuangalia, Kiraka alianza kupiga mluzi.

Sasa banda lilikuwa limechoka. Kenchi mbili za paa zilianza kuinama, na kamati ya soko ikaamua lijengwe jipya. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mweka hazina, muuza vitunguu mwenye ulimi usio na breki, alitaka chuma kile kile cha kawaida, cheusi, kinachopakwa rangi, kwa sababu ni rahisi. Wengine walitaka chuma kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ambacho bei yake ilizidi ya kile cha kawaida kwa thuluthi nzima. Mwenyekiti, mama mmoja muuza samaki mwenye mikono ya mwanamieleka, alichoka kuwasikiliza. Akaandika barua kwenye ofisi ya wakadiriaji majenzi mjini, akaomba waletewe mtu anayejua hesabu zisizo na mdomo.

Ofisi ikamteua binti wa Kiraka, aliyekuwa mkadiriaji pale. Hakuna aliyepanga hivyo. Binti mwenyewe alimwambia mkuu wake, "Baba yangu ndiye fundi wa soko hilo," akidhani ataondolewa. Mkuu wake akamjibu, "Vizuri, basi utapata majibu ambayo mimi nisingepata," na akarudi kwenye chai yake.

Binti alifika nyumbani Jumamosi mchana, mkoba begani, viatu mkononi kwa sababu ya tope la uchochoroni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekonda. Ofisini hawali?"

"Tunakula, baba. Tunakula tumekaa, ndiyo shida." Alikaa mkekani karibu na mama yake, aliyekuwa anachambua mchele, akatoa daftari. "Nimekuja kikazi leo. Nataka kujua banda la soko limekula kiasi gani tangu lijengwe. Si bei ya kulijenga, hiyo ninayo. Nataka rangi, mabati, viatu, siku ambazo soko lilifungwa kwa matengenezo. Vitabu vya soko vimeliwa na mchwa, vimebaki vya miaka minne tu. Bila hesabu ya nyuma, mweka hazina ataniambia nimeota."

"Unataka kufanya nini nayo?"

"Kulinganisha. Kila chuma kina bei mbili, baba. Ile unayolipa dukani siku moja, na ile unayoendelea kulipa mpaka siku unapokiuza chakavu. Watu wanaangalia ya kwanza tu."

Kiraka alielewa vizuri sana. Zinki aliijua kuliko alivyotaka kuijua. Mbele ya soko palikuwa na nguzo ya taa ya barabarani, imezamishwa zinki, ilisimikwa karibu mwaka mmoja na banda, na tangu hapo haijamuita fundi hata siku moja. Kila asubuhi aliipita bila kuipa salamu. Banda zima likijengwa kwa chuma cha namna ile, nani atamhitaji Kiraka? Alikuwa na miaka hamsini na minane na nyonga inayolalamika. Mageti na madirisha ya mtaani yalishachukuliwa na vijana wenye mashine mpya. Soko ndilo lililokuwa sahani yake, na mwanawe wa kumzaa amekuja na daftari kuiondoa mezani, tena anamwomba yeye mwenyewe amsogezee.

"Sikumbuki," akasema.

"Hata kidogo, baba?"

"Ni zamani, mwanangu. Nani anakumbuka rangi?"

Binti hakubishana. Alifunga daftari, akasema basi atakadiria tu, akainuka kwenda kuoga. Kiraka naye akaingia chumbani kujilaza, maana alihisi kichwa kizito. Hakupata hata lepe la usingizi. Mkewe alimfuata, akasimama mlangoni na ungo wake kiunoni.

"Kiraka."

Akalijua hilo jina lilikuwa la hasira. "Nini tena?"

"Wewe hukumbuki? Wewe unayenikumbusha mpaka leo kwamba mwaka tulipooana nilikupa chai isiyo na sukari?"

"Haikuwa na sukari."

"Mtoto anakwenda kusimama mbele ya watu wazima na hesabu za kubuni. Yule wa vitunguu atamkaanga. Wewe utakuwa umekaa pale unaangalia dari, si ndiyo?"

"Na mimi nikimpa? Nikishampa tutakula nini, mama? Hilo umelifikiria?"

Mkewe alilifikiria kweli swali hilo. Alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda. "Sijui tutakula nini," akasema. "Najua tu sitaki ale aibu yeye." Na akatoka.

Haya. Kiraka alilala pale akiangalia mabati ya chumba chake mwenyewe, ambayo nayo yalihitaji rangi na hakuwahi kuyapaka, kisha akajikaza, akatoka, akakuta binti amekaa anachana nywele.

"Lete hilo daftari," akasema kwa sauti ya mtu anayegombana. "Na uandike haraka, maana sirudii."

Jamani, mtu yule alikuwa na kumbukumbu! Ila hakukumbuka kwa miaka kama watu wengine. Alikumbuka kwa vitu vya nyumbani. Rangi ya kwanza ya banda lote ilikuwa mwaka walionunua kitanda cha mbao. Viatu vya nguzo sita za kwanza, upande wa samaki, ni mwezi ambao mdogo wake binti aling'oka meno mawili ya mbele. Mkewe alikuwa akisahihisha kutoka jikoni: "Hapana, meno yaling'oka kabla ya cherehani, na cherehani ulinunua kwa pesa za viatu hivyo!" Binti aliandika, akafuta, akaandika. Aliuliza rangi ilikuwa makopo mangapi, soko lilifungwa siku ngapi, bamba lilikuwa na unene gani. Kiraka alijibu yote. Alipofika kwenye nguzo ya saba hadi ya kumi na mbili alisita kidogo.

"Hizo ni mwaka uliokwenda sekondari," akasema. "Nilizifanya zote sita kwa mkupuo. Mwenyekiti wa wakati ule alisema mbili zingeweza kusubiri. Mimi nikasema haziwezi."

Kalamu ya binti ilisimama. Hakuinua kichwa. Baadaye iliendelea, polepole zaidi. Rangi ya mwaka wa mvua kubwa ilikuwa ada ya mtihani. Paa la upande wa mboga lilikuwa chuo, mwaka wa kwanza.

Walipomaliza, binti alitazama ukurasa mmoja kwa muda mrefu. "Baba, nisaidie hapa. Miguu ya kwanza, ile ya kiwandani, ilikaa muda gani ndipo ikaoza?"

"Miaka tisa. Hiyo nakumbuka, walisema ni maajabu."

"Na viatu vya kwanza?"

"Mitano."

"Na viatu vilivyovishwa juu ya viatu?"

Kiraka alihesabu kwa vidole. "Mitatu," akasema. "Hivi vya mwisho havijafika hata mitatu."

Lo! Miaka yote ile hajawahi kuzipanga namba hizo mstari mmoja. Kila kiatu alikiona peke yake, kikiwa kipya, kikiwa kizuri. Alidhani chumvi imezidi, au chuma cha siku hizi kimekuwa hafifu, maana kila kitu cha siku hizi kinasemwa hivyo. Binti hakumuuliza zaidi, na hilo ndilo lililomuuma. Angemuuliza, angepata cha kubisha.

Jumapili soko lilikuwa limefungwa. Kiraka alichukua grenda yake ya kukatia chuma, akaenda peke yake, akapiga magoti mbele ya nguzo ya tisa, ambayo kiatu chake kilikuwa cha mwaka juzi na hakikuwa na doa. Alikipasua kutoka juu hadi chini. Kabla diski haijafika sakafuni, maji meusi yalianza kuchuruzika kwenye mpasuko, yananuka samaki. Ndani, bamba lilikuwa limeliwa na kutu, na mguu wa nguzo ulikuwa umegeuka maganda, unaubandua kwa kidole. Maji yalikuwa yakipanda kutoka sakafuni kwa chini, yakaingia katikati ya bamba na nguzo, na pale juu yeye alikuwa ameziba kwa ule ulehemu wake ulionyooka, hata upepo usipite. Chuma kililala ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana, kimefunikwa vizuri, kwa gharama ya soko.

Alikaa chini palepale kwenye sakafu chafu. Aliona haya, na aliona haya kweli, si ya kujionesha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwonesha. Kama angeviachia tundu dogo tu la kutoa maji. Kama angekata chote kilichooza kabla ya kuvisha. Angejua vipi? Aliyemfundisha alifanya hivyo hivyo, na waliokuwa wakimsifu walisifu. Baada ya muda nyonga ilimkumbusha kwamba si kijana. Alichomelea kipande cha muda ili nguzo isilete balaa, akafunga lile bamba lililooza kwenye gunia, akaenda nalo nyumbani.

Mkutano ulikuwa Jumatano mchana, chini ya banda lenyewe, watu wamekaa juu ya kreti na ndoo zilizogeuzwa. Binti alisimama mbele na karatasi kubwa aliyoibandika kwenye nguzo ya tatu. Aliongea vizuri. Hakutumia maneno ya chuo. Alisema, chukulieni bei ya chuma cha banda hili siku lilipojengwa iwe fungu moja. Rangi, mabati, viatu na siku za kufunga soko vimekula mafungu mengine mawili na nusu. Chuma cha zinki kingeanza na fungu moja na thuluthi, na kwa muda huo huo kisingekula hata nusu fungu juu yake, mradi miguu iinuliwe juu ya vikuta vya zege visivyofikiwa na maji ya samaki, na kuchomelea kote na matundu yote yamalizwe kabla ya kuzamishwa, maana ukija kuchomelea baadaye unaiunguza zinki na umerudi kule kule. Mwisho wa yote chuma hicho kitauzwa chakavu, na hiyo nayo ni pesa.

"Ni kama beseni," mwenyekiti akawaambia wenzake. "Lile la rahisi unanunua kila mwezi. Sote tunalijua."

Mweka hazina aliinuka taratibu, akajifuta mikono. Alikuwa amenusa kitu. "Mtaalamu, tumekusikia, na hesabu ni nzuri. Nina swali dogo tu. Hayo mafungu mawili na nusu," akageuka kuwatazama watu, "amekula nani?"

Kwenye daftari la binti kila mstari ulikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa mtu mmoja, amekaa safu ya pili juu ya ndoo ya bluu. Binti aligeukia karatasi yake, akaanza kuinyoosha pembe.

Kiraka akasimama.

"Nimekula mimi," akasema.

Minong'ono ikapanda. Akainua mkono. "Nimekula mimi, lakini msiniseme nimekula peke yangu. Nguzo sita za pale mnapokaangia samaki zilininunulia cherehani ya mama watoto." Akageuka. "Ya saba mpaka ya kumi na mbili zilimpeleka huyu hapa sekondari, na sanduku lake, na godoro. Mvua ile kubwa ilimlipia mtihani. Na paa la mboga, mama wa mchicha, lile ulilolalamika kwamba nachelewesha? Lile ni chuo, mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ni mifereji ya paa." Watu walishaanza kucheka, yeye hacheki. Alifungua gunia, akaliweka bamba lililooza juu ya meza ya vitunguu ya mweka hazina. "Hapa ndipo nilipowakosea. Hiki ni kiatu cha nguzo ya tisa. Miaka yote nilikuwa nafungia maji ndani. Sikuwaibia, nilifanya nilivyofundishwa, lakini nilifundishwa vibaya na sikuwahi kuuliza. Binti yangu aliuliza mara moja tu. Nunueni zinki. Mimi nikikosa kazi ni shauri langu."

Akakaa.

Mwenyekiti alilichukua lile bamba, akalivunja ncha kwa vidole viwili, akalirudisha. Alimtazama Kiraka, kisha akamtazama binti kuanzia viatu mpaka karatasi.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Ina maana huyu mtoto tumemsomesha sisi?"

Akaipiga meza ya vitunguu kwa kiganja.

"Tumemsomesha sisi! Miaka yote hii tunalipa karo, tunadhani tunalipa rangi. Leo amemaliza, amerudi na jibu, halafu tumwambie asante, hatulitaki? Kwenye banda hili bovu tumepata faida moja tu, nayo ndiyo ile imesimama pale. Mnaotaka zinki, mikono juu, na asiyeinua aniambie kwa nini alilipa ada."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa njiwa kwenye kenchi. Mikono ikapanda upande wa samaki, ikapanda upande wa mboga. Mweka hazina alikaa kidogo akiangalia kutu iliyomwagika juu ya vitunguu vyake, halafu naye akainua mkono nusunusu, kama mtu anayejikuna kwapa. Ukahesabiwa. Binti alikuwa anapangusa macho kwa karatasi ya mahesabu. Mama yake, nyuma kabisa, alimwambia kila aliyekuwa karibu kwamba cherehani ile bado inashona.

Banda jipya lilichukua miezi mitano. Kiraka alipewa kazi ya kulibomoa la zamani, nguzo kwa nguzo, na chuma chakavu kililipa zege ya vikuta vyote. Vikuta vyenyewe vilikuja hadi magotini, kwa kipimo alichokitoa yeye. Baada ya hapo alikaa. Alipata dirisha hapa, geti pale, mara moja kwa mwaka angekagua miguu na mifereji kwa malipo madogo, na nyonga ikapumzika. Mkewe alimtuma vitu mpaka akaijua njia ya dukani.

Jumamosi moja alimtuma samaki. Kiraka aliingia sokoni na kikapu, mara ya kwanza bila brashi wala kamba, akasimama mbele ya meza ya mwenyekiti kama mteja mwingine yeyote. Alichagua wawili. Akaambiwa bei.

"Mbona imepanda?"

"Ushuru wa meza umepandishwa kwa miaka miwili. Tunailipia zinki. Si ulisimama mwenyewe ukasema?"

Kiraka alinung'unika, kwa heshima ya desturi tu, akatoa pesa zote bila kuomba apunguziwe. Ukweli ni kwamba alifurahi. Kwa robo karne banda lilimlipa yeye, na leo alikuwa analilipa.

"Nifungie vizuri," akasema. "Leo mwanangu anakuja kula."

"Mwanao?" Mwenyekiti alichagua samaki wa tatu, mkubwa kuliko wale wawili, akamtupia kikapuni bila kumpima. "Mwanetu. Mwambie mama zake wanamsalimu."